Kabla ya kudai uwanja wa kisasa, tutazame Dzaleka

Siku hizi kila mji wa mpakani unataka uwanja wa kisasa, wa mpira, mikutano na muziki kwa pamoja. Sipingi. Nauliza tu: nani ataruhusiwa kuufikia?

Lilongwe wanao. Uwanja wa Taifa wa Bingu ulijengwa kwa mkopo wa China ukafunguliwa mwaka 2017, na unachukua watu wapatao 40,000. Mwaka 2021, korona ilipozidi, uligeuzwa hospitali ya muda. Hapo nawapongeza.

Lakini sisi tuliosomea Dzaleka, kama kilomita 50 kaskazini mwa jiji hilo, tuliachiwa uwanja wa udongo mtupu. Mahali penyewe palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, pakawa kambi mwaka 1994. Ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Mwaka 2014 Mkongomani mwenzetu, Trésor Nzengu Mpauni, mshairi anayejulikana kama Menes La Plume, alianzisha humo tamasha la Tumaini. Jukwaa hufungwa, ngoma zikiisha hufunguliwa, vumbi linabaki. Wamalawi huja bila kulipa kiingilio, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi, wakala ugali na maharage ya mwenye nyumba. Viti 40,000 havijawahi kufanya hivyo.

Ila mlango huo ulifunguka upande mmoja. Mmalawi aliingia kambini kucheza muziki, mkimbizi hakuwa huru kukaa mjini. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi Dzaleka. Aliyekula chapati zetu tamashani alikuta duka la ndugu yetu Lilongwe limefungwa.

Sasa tumerudi. Hapa kwetu kiwanja wanachochezea wanafunzi wangu, ambacho Jumamosi huwa soko la watu wa pande zote mbili za mpaka, kinapimwa kiuzwe, eti fedha zikajenge uwanja wenye paa. Mama mwenye beseni la dagaa atauingia kwa tiketi gani? Nawaomba viongozi wa mji wasimamishe upimaji huo, wakiwekee kiwanja vyoo, bomba la maji na taa, na mfanyabiashara wa ng'ambo aruhusiwe kuingia siku ya soko na siku ya ngoma bila kuzungushwa na askari.