Nakala za runinga zisiteketezwe vyuoni

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina sharti dogo ambalo wahadhiri wengi hawajalisoma, na pengine ni heri yao. Sheria hiyo inaviruhusu shule na vyuo vikuu kutumia kazi za watu, vikiwamo vipindi vya runinga, kwa kufundishia. Huo ni ukarimu wa kupongezwa. Lakini nakala iliyotolewa kwa kusudi hilo haina budi kuharibiwa kabla ya muda uliowekwa kwisha, na pasipowekwa muda, kabla ya miezi 12 kupita tangu itolewe.

Nathubutu kusema kwamba sharti hili halimlindi mwenye kazi, ilhali linamwumiza mwanafunzi. Nitatoa mfano wa kwetu Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Mlima huu haujapungukiwa na wapiga picha. BBC ilipotengeneza mfululizo wa The Life of Mammals mwaka 2002, iliwafuata ndovu hadi ndani ya pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, ambako huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Kati ya 2006 na 2008 kamera zilirudi kwa sababu ya huzuni: mapigano ya ardhi na operesheni ya jeshi iliyofuata. Baadaye zikaja kwa ajili ya Waogiek wa Chepkitale, ambao madai yao ya ardhi yaliamuliwa na mahakama ya Bungoma mwaka 2022. Wanahabari walipouliza maswali, wazee na akina mama wengi walijibu kwa lugha waliyonyonya.

Kwa mwanahabari, hayo ni majibu. Kwa mwalimu wa isimu, ni hazina ambayo haipatikani katika kitabu chochote. Kisabaot, sawa na lugha nyingine za Kikalenjin, ni lugha ya toni. Katika lugha hizi nomino ikiwa mtenda katika sentensi yaweza kutofautishwa na ile inayotendwa kwa toni peke yake, na irabu hugawanyika kulingana na jinsi shina la ulimi linavyosukumwa mbele au kurudishwa nyuma. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi mambo hayo. Mwanafunzi anayetoka Kwale au Garissa hawezi kuyajua kwa kusoma. Yampasa kusikia, arudie, asikie tena, huku akiutazama mdomo wa msemaji. Kozi ya fonolojia hufundishwa mwaka hadi mwaka. Je, kila mwaka tuiteketeze nakala na kungoja kituo kirudie kipindi? Vituo vyetu havirudii vipindi kwa ratiba ya vyuo vikuu.

Kuna atakayesema kwamba siku hizi kila kitu kimo YouTube. Kimo leo. Kesho aliyekiweka anaweza kukiondoa bila kumwarifu yeyote, na mhadhiri akabaki na anwani isiyofungua kitu. Wala tusidhani kwamba vituo vyenyewe ni wahifadhi wa kutegemewa. BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena, na hadi leo inatafuta vipindi vyake kwa watu binafsi.

Wengine wamelitatua jambo hili. Nchini Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, taasisi za elimu hulipa ada ya leseni kwa wakala wa pamoja, hurekodi vipindi, na huweka nakala maadamu leseni ingali hai. Mwenye kazi analipwa, mwanafunzi anasoma. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Vanderbilt kimekuwa kikihifadhi taarifa za habari za runinga tangu Agosti 1968. Sisemi Wamarekani ni wakarimu kutushinda: mwongozo wao wa mwaka 1981 humpa mwalimu anayerekodi kipindi siku 45 tu. Lakini hifadhi wanayo.

Kwetu, Bodi ya Hakimiliki ingeweza kuanzisha leseni ya namna ya Waingereza, na Bunge likaondoa miezi 12 kwa nakala zinazowekwa katika maktaba ya chuo kikuu na kutumiwa humo. Ada na iwe ndogo, kwani vyuo vyetu vina madeni ya kutosha.

Kwa watayarishaji wa makala za runinga nina ombi moja, ambalo halihitaji sheria. Mzee wa Kapsokwony anapofungua kinywa, msimruhusu aseme maneno matatu kisha mkaifunika sauti yake kwa tafsiri ya mtangazaji. Andikeni tafsiri chini ya picha, mwacheni mzee aseme hadi amalize.