Mnalaumu wimbo wa Malaika, mahari je?



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wa Busia zote mbili mpaka Tororo. Baada ya swala ya Alasiri mzee mmoja alinijia amekasirika. Kijana aliyesoma juzuu Amma kwangu, sasa anaendesha bodaboda hapa mpakani, amesikika akiimba Malaika kwa gitaa. "Ustadhi, mkanye!"

Nitamkanya. Msimamo wangu juu ya ala za muziki mnaujua, na kumwita binti wa watu malaika hakunipendezi. Qur'ani imewakemea waliowapa malaika majina ya kike. Lakini tusikilize kinacholalamikiwa mle ndani. Fadhili William, mtu wa Taita, aliurekodi wimbo huo karibu na mwaka 1960 (Adam Salim naye alidai ni wake tangu miaka ya 1940), na Miriam Makeba akautangaza duniani. Hamna tusi. Hamna pombe. Kuna kijana anayetaka kuoa, si kuzini, anajitazama na kukiri kwamba mali hana.

Sasa mzee wangu, nani kamfikisha hapo? Kijana wetu alipeleka posa kwa Waislamu wenzetu. Akatajiwa ng'ombe, mbuzi, koti la mjomba, na karamu juu yake. Binti mwenyewe hakuulizwa anataka nini. Sura An-Nisaa, aya ya 4, inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Haimtaji baba, wala mjomba! Ng'ombe wa zizini kwa baba ni mila zetu, tumezivisha kanzu tukaziita dini.

Mtume (s.a.w.) alimuozesha masikini aliyekosa hata pete ya chuma, kwa sura alizohifadhi. Imo katika Bukhari na Muslim, tunaisomesha, kisha kwenye kikao cha posa tunaisahau. Nami nimo: nimekaa vikao hivyo, nikala pilau, nikanyamaza.

Mtasema binti asipotolewa vingi atadharauliwa. Mbona wanaotolewa vingi ndio huambiwa "nimekununua"? Shirika la MIFUMI la hapa Tororo lilikwenda mahakamani kwa mambo haya, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kudai mahari ya kimila irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. (Khului ina hukumu zake, tusichanganye.) Majaji walituwahi katika jambo ambalo mimbari zetu zililinyamazia.

Mzee, kijana nitamwambia aweke gitaa chini. Nawe una mabinti wawili hawajaolewa. Akija kuposa, utamtajia nini?