Kanada Imesamehe Matajiri, Muuza Viondo Bado Anahesabiwa

Wasee, mnakumbuka vile Trump aliwakia Kanada Juni 2025? Ijumaa tarehe 27 akasema mazungumzo ya biashara yamekwisha, kisa na maana ushuru wa huduma za kidijitali. Jumapili tarehe 29 usiku, Kanada ikatangaza inaufuta. Malipo ya kwanza yalikuwa yafanywe Jumatatu. Yaani Google, Amazon na Meta walibakisha siku moja tu walipe, wakaamka hawadaiwi.

Na si ati ushuru wenyewe ulikuwa wa kuua mtu. Asilimia 3, kwa makampuni yenye mapato ya yuro milioni 750 na zaidi duniani, na hata hao wangelipia tu mapato ya Kanada yanayozidi dola milioni 20. Milioni 20 za kwanza hazikuguswa. Ofisi ya bajeti ya bunge lao ilikadiria ungeleta dola bilioni 7.2 kwa miaka mitano. Zote zimeenda hivyo, wikendi moja.

Sasa njoo kwa mtu mdogo. Nina binamu yangu Edmonton, anauza viondo na shanga kwa soko moja la mtandaoni. Anapiga picha, anafunga mzigo, anabeba hadi posta kwa theluji. Sheria ya Kanada inasema hivi: kama mauzo yako hayajazidi dola 30,000 ndani ya robo nne za mwaka zinazofuatana, si lazima ujisajili kwa GST, ule ushuru wa mauzo wa serikali kuu. Ukizidisha, karibu kwa kazi ya kukusanyia serikali pesa, na hulipwi mshahara.

Sikiza vizuri: mauzo, si faida. Toa pesa ya wasusi wa viondo, toa usafiri wa ndege, toa ada ya soko, toa posta, halafu uniambie kwa hizo 30,000 kimebaki nini. Na akimuuzia mtu wa Chicago? GST ni sufuri kwa sababu mzigo unatoka nje ya nchi, lakini hayo mauzo bado yanahesabiwa kwenye 30,000 yake.

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Hiyo 30,000 iliwekwa 1991, GST ilipoanza. Mimi sikuwa nimezaliwa. eBay haikuwepo, Etsy haikuwepo. Tangu hapo bei za vitu Kanada zimekaribia kuwa mara mbili, na huo mstari haujasogezwa hata dola moja. Kwa hivyo kila mwaka bei zikipanda, mtu anasukumwa karibu na mstari bila kuuza kiondo hata kimoja zaidi. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hiyo hesabu haihitaji digrii bana.

Tuseme amevuka. Mteja wa Alberta anatozwa asilimia 5, wa Ontario 13, wa Nova Scotia 14, wa New Brunswick 15. Kinachoangaliwa ni mzigo unaenda wapi, si yeye amekaa wapi. Quebec ina ushuru wake wa asilimia 9.975 na shirika lake la kuukusanya. British Columbia, Manitoba na Saskatchewan nazo kila moja ina wake. Hii ni nchi moja, lakini ukiuza mtandaoni ni kama unavuka mipaka kila ukibandika stempu.

Kuna mtu atasema masoko ya mtandaoni sasa ndiyo yanakusanya, kwa hivyo shida iko wapi? Mimi hilo wazo nalikubali kabisa. Kabla ya Julai 2021, muuzaji wa ng'ambo angeweka bidhaa zake kwa ghala ndani ya Kanada na kuziuza bila kutoza GST, huku duka la mtaani linatoza. Hiyo ilikuwa dhuluma na walifanya poa kuiziba. Tena kompyuta ya soko haichoki kukumbuka ushuru wa kila mkoa. Si basi waiachie kazi yote?

Lakini cheki British Columbia. Julai 2022 wakaamuru masoko yakusanye ushuru wa mkoa wa asilimia 7 kwa niaba ya wauzaji. Sawa. Hapo hapo wakaweka asilimia 7 juu ya ada ambayo soko linamkata muuzaji wa huko. Soko linachukua chake, halafu serikali inatoza ushuru kwa kuchukuliwa kwako! Na kule kote, mdogo ambaye hajajisajili kwa GST akilipa GST juu ya ada za soko, harudishiwi. Mkubwa aliyesajiliwa anadai yake.

Hii sarakasi sisi tunaijua. Mwaka wa 2021 Kenya ilianza kutoza makampuni ya kidijitali ya ng'ambo asilimia 1.5. Mwaka wa 2023 ikaja kwetu wa kontenti, ikataka 15, ikateremka hadi 5, na inakatwa kabla hujaiona pesa. Najua unaihesabu ukijaza ritani. Bado nauliza nani aliombwa kwa upole na nani alikatwa.

Ninachotaka ni hiki: 30,000 ipande ifike kama 60,000, na iwe inapanda na bei kila mwaka. Ushuru juu ya ada British Columbia wautoe. Na waziri yeyote wa Ottawa asijaribu kuniambia kubadilisha namba ya sheria huchukua muda. Tuliwaona Juni. Ilichukua Ijumaa hadi Jumapili.