Mtoto Anakwama Kusoma, Nyinyi Mnacheka

Wasee, leo tuongee kuhusu zile video. Mnazijua. Mtu anasimamisha mtoi akitoka shule, anampea kipande cha gazeti, anamwambia soma. Mtoi anajikwaa kwa neno la pili, anajikwaa kwa la tatu, anaangalia chini. Kamera inamsogelea usoni. Huko chini komenti zinafurika: "Huyu ata makanga hawezi kuwa." "Karo ya mzazi imeenda na maji."

Mimi pia natengeneza kontenti, najua vile watazamaji hutafutwa. Na bado nasema hivi: huko ni kumwanika mtoto. Pengine ana disleksia na hakuna mtu mzima amewahi kugundua. Wewe umegundua kabla ya mwalimu wake, na kitu ulifanya ni kuposti.

Disleksia ni vile ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Mtoto anaweza kuwa na akili kali na macho mazima na bado awe nayo. Mara nyingi inatembea kwa familia. Chukua b na d. Kwa watoto wengi wa aina hii hizo herufi hugeuzana, na kwa Kiswahili hiyo inatosha kufanya baba awe dada. Anaandika "dada anaendesha matatu", anawekewa mkasi, darasa zima linaangua kicheko.

Na kuna hii ambayo wengi hawajui. Kiswahili kinaandikwa vile kinatamkwa, kwa hivyo mtoto huyu anaweza kukisoma, ila polepole, kama gari kwa jam ya Mombasa Road. Halafu anakutana na Kiingereza: though, cough, through. Herufi ni zile zile, sauti ni tatu tofauti. Hapo anakwama kabisa. Mwalimu asiyejua anasema, "Kiswahili anaweza, Kiingereza hataki. Ni kiburi." Kiboko kinatoka. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena. Muulize mdogo wako kama kiliwahi kuondoka.

Sasa, kuna mtu aliyesomea hii kazi: mwalimu wa elimu maalum. Kama shule yenu ilikuwa na yuniti kule nyuma, labda mlidhani huyo madam analipwa kuchunga watoto wasipotee. Hebu skia anachofanya. Mtoto anaandika herufi kwa mchanga na kidole huku akiitamka, ndio jicho, sikio na mkono vishike kitu kimoja. Neno linakatwa silabi kwa silabi, kila silabi na kofi lake. Rula inawekwa chini ya mstari ili asipotee. Hesabu inafanywa na vizibo vya soda. Kila mtoto ana mpango wake: wiki hii silabi hizi, akizishika tunasonga, akizisahau tunaanza tena bila matusi. Inaweza kuchukua muhula mzima kabla mtoto asome aya moja peke yake. Hakuna mtu wa kamera huja siku hiyo.

Na msiseme Kenya ndio inaanza. Vituo vya EARC vya kupima watoto vilianza 1984. KISE, pale Kasarani, ilianzishwa 1986 kufundisha hawa walimu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe na asiitwe majina ya kumdhalilisha. Sera ya 2018 inataka watoto hawa wasome pamoja na wenzao. Chuo tuko nacho, sheria tuko nazo. Halafu mwalimu anamaliza kusoma, anapelekwa shule yenye upungufu wa walimu, anapewa darasa la watoto 60 afundishe kama kila mtu. Kile alisomea kinabaki kwa bahasha pamoja na cheti. Hiyo ndiyo inafaa kutupandisha hasira.

Komenti zenu nazijua tayari. "Hata sisi tulichapwa na tukatoboa." Sawa, lakini unahesabu waliotoboa pekee. Yule aliyekuwa anashika mkia kila muhula, akaacha shule darasa la sita juu ya aibu, hayuko hapa kukujibu. Posti ndefu kama hii ataipita tu.

"Hayo ni mambo ya wazungu." Ubongo hauna pasipoti, buda. Wao waliipatia jina disleksia. Sisi jina tulimpatia mtoto mwenyewe: mjinga.

"Wewe uliacha chuo, unatuambia nini kuhusu elimu?" Niliacha, ndio. Niliacha nikijua kusoma, na mlango niliufungua mwenyewe. Huyu mtoto anasukumwa nje akiwa na miaka kumi.

Kwa hivyo, kama uko na mdogo wako anayechukia vitabu, fanya hivi jioni. Msomee swali la Sayansi kwa sauti, umwache ajibu kwa mdomo. Akijibu poa, ujue akili iko, shida ni maandishi. Hicho si kipimo rasmi, lakini ni sababu tosha ya kuambia mathe aulize shule, ama ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kituo cha EARC kiko wapi. Aende mapema, asingoje mtoto afike Gredi ya 6.

Na mbunge wenu akija kukata utepe wa darasa jipya, muulizeni mbele ya watu: mwalimu wa elimu maalum wa hii shule ni nani, na sai anafundisha nini?

Ile video nayo ikikufikia kwa grupu, usiitume mbele. Iripoti, kisha umuulize aliyeituma kama huyo mtoto angekuwa wake.