Picha ya mtoto mbugani isimgharimu mnyama

Likizo ya Juni inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa maswali yaleyale. Nani ana namba ya gari la kwenda Mikumi? Mtoto wa miaka minne analipiwa? Simu inatosha au lazima kukodi kamera?

Zamani safari ya kwenda kupiga picha wanyama ilihesabiwa kuwa ya Wazungu wenye lenzi ndefu kama bomba. Siku hizi familia mbili au tatu za mjini zinachangia gari moja, zinatafuta dereva mwongozaji na kuingia hifadhini na watoto kwa siku moja au mbili. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nayo imepunguza uchovu wa njiani kwa wanaopanga kuchukua gari Morogoro.

Hilo ni jambo jema. Mtoto aliyezoea kumwona twiga kwenye katuni ana haki ya kumwona twiga wa kweli akivuka barabara ya vumbi.

Ila kuna dakika moja ndani ya gari ambayo wazazi wengi hawaitilii maanani. Dereva amesimama mbali kidogo na simba aliyelala. Mtoto amenyoosha simu, na kwenye kioo simba anaonekana kama doa la njano. Mzazi anasema, "Kaka, sogea kidogo basi, mtoto apate picha." Dereva anasita. Mzazi anaongeza, "Mbona wale wengine wamesogea?"

Inaonekana ni ombi dogo tu, na limetoka kwa mzazi anayempenda mwanawe. Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kilichowapata duma wa Mara

Mwaka 2018, mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu duma wa Masai Mara, Kenya, eneo linalopakana na Serengeti na ambalo wanyama wake huvuka mpaka bila pasipoti. Alilinganisha duma jike walioishi sehemu zenye watalii wengi na walioishi sehemu zenye watalii wachache, kisha akaangalia ni watoto wangapi walikua hadi kujitegemea.

Penye watalii wachache, kila uzao ulitoa wastani wa watoto 2.3 waliofikia umri wa kujitegemea. Penye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Kwa lugha nyepesi, mama watano wa sehemu zenye msongamano walikuza mtoto mmoja kati yao wote.

Si kwamba magari yaliwagonga watoto hao. Duma huwinda zaidi mchana, kwa kutumia macho na mbio fupi za kasi kubwa. Anahitaji kumnyemelea swala bila kuonekana. Magari sita yakimzunguka, swala anashtuka na windo linaharibika. Mama asipopata chakula, watoto nao wanakosa. Akibabaika na kuhama, huenda akawaacha wazi mbele ya fisi au simba. Na hata akifanikiwa kukamata, mkusanyiko wa magari unaweza kuwaonyesha wanyama wengine kwamba hapa kuna nyama.

Hakuna hata mmoja katika magari hayo aliyekwenda Mara kudhuru mnyama. Kila aliyekuwemo alitaka picha tu.

Waliojua wanyama walitanguliza wavu

Upande wa pili wa "sogea kidogo" ni usalama wa mtoto mwenyewe. Watoto, na wakati mwingine wazazi wao, hudhani mnyama aliyetulia ni mnyama aliyezoea watu.

Jane Goodall aliyeanza utafiti wa sokwe Gombe, Kigoma, mwaka 1960, na Hugo van Lawick aliyetumwa huko kupiga picha mwaka 1962, walioana na kupata mtoto wa kiume mwaka 1967. Mtoto huyo, aliyeitwa Grub kwa jina la utani, alikulia porini kati ya Gombe na Serengeti. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa watu waliowajua sokwe kuliko wengi duniani. Waliwapa majina na kuwatambua kwa sura. Hata hivyo, Gombe walimtengenezea mtoto wao chumba chenye wavu, kwa sababu walijua sokwe wamewahi kunyakua watoto wachanga wa binadamu.

Kumjua mnyama hakukuwafanya wamwamini awe karibu na mtoto wao. Kuliwafanya wajue umbali unaofaa.

Familia inayoingia hifadhini kwa siku mbili ina sababu zaidi ya kushika kanuni: kutoshuka garini ila sehemu zilizoruhusiwa, kutokaa dirishani miguu ikining'inia nje, kutomrushia nyani ndizi. Nyani aliyeonja chakula cha watu huja kukichukua kwa nguvu siku nyingine, na mara nyingi anayeporwa ni mtoto.

Kwa nini kikundi kidogo

Basi la shule au la kanisa lenye watu 50 linafaa kwa matembezi ya siku moja, lakini kwa kupiga picha halifai. Kila mmoja anasimama, gari linatikisika, kelele zinapanda, na aliyekaa upande usio na mnyama anarudi nyumbani na picha za visogo vya wenzake.

Gari lenye watu wanne hadi sita, watoto wakiwemo, linampa kila mmoja dirisha lake. Dereva anaweza kuzima injini, watu wakatulia, na kamera ikatulia pia. Mtoto anaweza kuuliza swali akajibiwa. Mmoja akihitaji kujisaidia, safari haivurugiki.

Kabla ya kulipa, wanaochangia gari wakubaliane mambo manne.

Kwanza, umri wa watoto. Mzunguko wa asubuhi huchukua saa tatu au zaidi, na mtoto wa miaka mitatu atachoka hata akiona simba kumi. Baadhi ya waendesha safari na hoteli huweka umri wa chini, hivyo ni vizuri kuuliza mapema.

Pili, muda. Mwanga mzuri wa picha ni wa asubuhi jua linapochomoza na wa jioni kabla halijazama. Saa sita mchana vivuli ni vikali na wanyama wengi wamejificha kivulini. Anayetoka Dar alfajiri na kuingia getini saa tano amelipia muda mbaya kuliko yote. Ni heri kulala karibu na hifadhi, ila aulize kiingilio kinahesabiwa kwa saa ngapi na kama akilala nje ya geti atalipa tena kesho yake.

Tatu, vifaa. Chakula na maji vibebwe kwenye vyombo au mifuko isiyo ya plastiki, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Nguo ziwe za rangi zilizopauka kama kaki. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na Mikumi wapo wa kutosha kumliza mtoto aliyevaa jinzi. Chandarua usiku si cha kusahau. Droni ibaki nyumbani, kwani hairuhusiwi hifadhini bila kibali.

Nne, na hili ndilo husahaulika, wakubaliane kwamba ndani ya hifadhi dereva ndiye mwenye neno la mwisho.

Dereva asiwekwe njia panda

Dereva mwongozaji mzuri anasoma vitu ambavyo familia haioni. Swala pala wote wakielekeza vichwa upande mmoja bila kula, huenda kuna mnyama mla nyama upande huo. Tumbili wakipiga kelele za hofu juu ya mti, chui anaweza kuwa karibu. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, anaomba nafasi, na gari halipaswi kuingia kati ya mama na mtoto wake.

Dereva huyohuyo anajua kwamba akitoka nje ya barabara na kukanyaga nyasi anaweza kupigwa faini au kupoteza kazi. Anajua pia kwamba mteja asiporidhika, bakshishi hakuna na kesho hapigiwi simu. Mzazi anapomsukuma asogee, anamweka kati ya kanuni na ugali wa watoto wake.

Ndiyo maana inasaidia mzazi kumwambia dereva asubuhi, watoto wakisikia: "Kaka, sisi hatuna haraka. Ukiona hatupaswi kusogea, usisogee." Dereva anatulia. Na watoto wameshajua kabla ya geti kwamba leo hata baba na mama wana wa kumsikiliza.

Ikitokea magari mengi yamemzunguka mnyama mmoja, familia inaweza kuomba dereva aondoke au asubiri mbali hadi wengine wapungue. Mtoto atalalamika kidogo. Aelezwe sababu kwa maneno ya umri wake: huyo mama duma anatafutia watoto wake chakula, na watu wengi wakimtazama hawezi kuwinda. Watoto huelewa habari ya mama na chakula haraka kuliko wakubwa wanavyodhani.

Simu inatosha, mtoto akifundishwa

Sababu kubwa ya kutaka kusogea ni kwamba simu haivuti picha ya mbali vizuri. Ukiivuta sana kwa vidole, picha inachakaa. Njia ya kutatua tatizo hilo ni kubadilisha aina ya picha badala ya kusogeza gari.

Mtoto afundishwe kupiga mnyama pamoja na mahali alipo: tembo mdogo chini ya mbuyu mkubwa, pundamilia katika uwanda wa Mkata na milima ikiwa nyuma. Picha ya namna hiyo inaeleza ulikuwa wapi, jambo ambalo picha ya uso wa simba haiwezi. Vilivyo karibu navyo vinahesabika: nyayo barabarani, kichuguu, ndege juu ya mgongo wa nyati, mbawakawa akiviringisha kinyesi cha tembo.

Mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya maharage ukiwekwa kwenye ukingo wa dirisha hushikilia simu au kamera bila kutikisika, na wapiga picha wakubwa hutumia njia hiyohiyo. Mkigeuza safari ya jioni kuwa futari, maharage yenyewe hayapotei. Kioo cha kamera kifutwe vumbi kila baada ya muda, na sauti ya simu izimwe.

Kwa familia yenye uwezo, darubini moja ya bei nafuu inafaa kuliko lenzi ya kukodi. Anayeona kwa darubini haoni haja ya kusogea.

Jambo jingine linalosaidia ni kumwekea kila mtoto idadi, kwa mfano picha 20 kwa siku. Akijua zinaisha, anaanza kuangalia kabla ya kubonyeza. Atasubiri twiga ainue kichwa. Kwa mtoto aliyezoea kila kitu kuja kwa kugusa kioo, dakika kumi za kusubiri kimya ni somo ambalo wazazi wengi hulitafuta nyumbani bila mafanikio.

Kabla ya kurusha mtandaoni

Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa iwapo huduma ya mahali imewashwa. Kwa swala haina shida. Kwa faru, ambao majangili huwatafuta kwa ajili ya pembe, ni habari isiyopaswa kusambaa. Huduma hiyo izimwe mkifika getini, na picha ya faru isiandikiwe jina la eneo wala siku.

Huduma hiyo ikizimwa inamlinda mtoto pia. Picha inayorushwa papo hapo inamwambia kila mtu kwamba familia haipo nyumbani na watoto wako wapi. Zinaweza kusubiri hadi mrudi.

Mkisharudi, watoto wakae na wazazi wachague picha kumi tu, wazipeleke studio zikasafishwe kwenye karatasi. Nyuma ya kila picha mtoto aandike kwa mkono wake: mnyama gani, wapi, alikuwa anafanya nini. Picha zilizobaki ndani ya simu hufutwa siku nafasi ikijaa, lakini albamu ya kurasa kumi bibi na babu wataishika mkononi na kuuliza maswali.

Huenda katika picha hizo kumi mojawapo ikawa ya yule simba wa mbali, doa la njano kwenye nyasi. Mtoto akiulizwa mbona hawakusogea, atakuwa na la kueleza, na maelezo hayo atakuwa ameyapata kwa mzazi wake ndani ya gari.