Madawati ya serikali, vitanda vya wavuvi

Mhariri,

Mimi ni seremala kijana wa Kilwa Masoko. Sheria inatutengea vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi ya umma, na tangu 2023 zabuni tunaziomba kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Sikatai, ni jambo jema. Ila mwaka jana nilitengenezea taasisi moja madawati kwa mbao za mkopo. Ankara yangu ikalala miezi saba. Mwenye mbao hakujali muhuri wa serikali! Mvuvi akiagiza kitanda hutoa nusu kabla sijashika randa, iliyobaki siku ya kukibeba. Wakuu wa taasisi, tulipeni walau fedha ya mbao mapema.

Seremala,
Kilwa Masoko, Lindi