Kipya Kinyemi: Je, Kila Kipandikizi cha Titi Chahitaji Wavu?

Kila mwanafunzi wa fizikia afahamu kwamba kitu chenye tungamo la gramu 300 huvutwa na dunia kwa kani ipatayo nyutoni 3. Kani hiyo ni ndogo. Mtoto aweza kukishika kitu hicho mkononi bila taabu. Lakini kitu hicho kikining'inia katika ngozi ya mtu usiku na mchana, kwa muda wa miaka 10 au 20, jambo huwa jingine. Hapo ndipo penye kiini cha hoja inayowagawa madaktari wapasuaji wa Marekani na Ulaya, na ambayo sasa yaihusu pia miji ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako upasuaji wa kuongeza ukubwa wa matiti unafanyika. Hoja yenyewe ni hii: kipandikizi kinachotiwa ndani ya titi kitegemezwe na nini?

Wako watakaosema kwamba suala hili ni la urembo tu, wala halistahili nafasi mbele ya walimu na wanafunzi wa sayansi. Sivyo. Mwanamke mzima wa afya hupasuliwa kwa hiari yake, akatiwa mwilini kitu kigeni, kisha akashauriwa kuongeza kitu kigeni cha pili ili kukishikilia kile cha kwanza. Namna ya kuupima ushauri kama huo ni somo la sayansi hasa.

Kitanda cha kamba

Vipandikizi vya kwanza vya jeli ya silikoni vilitiwa mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, na wapasuaji Thomas Cronin na Frank Gerow. Uzito wa silikoni hautofautiani sana na ule wa maji, hivyo kipandikizi cha sentimita za ujazo 300 huwa na gramu zinazokaribia 300. Kikiongezwa hadi sentimita 600, uzito nao hurudufika. Tena, mtu anapokimbia au kuruka, kani hubadilika: titi linaposimamishwa likiwa linashuka, kwa mchapuko ulio sawa na ule wa mvutano wa dunia, mzigo unaobebwa na tishu huwa maradufu kwa nukta hiyo.

Titi halina mfupa wala msuli ndani yake. Hushikiliwa na ngozi, na nyuzi nyembamba ambazo Astley Cooper wa Uingereza alizieleza mwaka 1840, na mkunjo ulioko chini yake unaoligandisha kwenye kifua. Vitu hivyo vyote nguvu yake yatokana na protini iitwayo kolajeni. Tabia ya kolajeni yafanana na ya kamba za kitanda. Kitanda kilichowambwa leo hukaza. Baada ya miaka hulegea na kubonyea katikati, ingawa hakuna kamba hata moja iliyokatika. Mzigo mdogo usioondoka huweza kurefusha kile ambacho mzigo mkubwa wa mara moja usingekirefusha. Ndivyo kipandikizi kinavyoweza kuteremka chini ya mahali pake, au kusogea upande, hata mwanamke akalazimika kurudi tena katika chumba cha upasuaji.

Tegemeo za aina mbalimbali

Tegemeo la kwanza ni kiasi. Kipandikizi kidogo, kinacholingana na upana wa kifua na unene wa tishu za mwenyewe, chahitaji kushikiliwa kidogo. Tegemeo la pili ni mahali: mpasuaji aweza kukiweka juu ya msuli mkubwa wa kifua, au kukifunika sehemu ya juu kwa msuli huo. Njia hii ya pili hukipa kipandikizi kifuniko kizuri, lakini ina gharama yake, kwani msuli unapokaza titi huweza kuvutwa na umbo lake kubadilika. Tegemeo la tatu ni kuuhifadhi ule mkunjo wa chini, na kuushona palipo haja. Mwili wenyewe huongeza la nne: huzungusha kovu kukizingira kila kitu kigeni, na kovu hilo huwa kama mfuko.

Juu ya hayo umekuja wavu. Baadhi ya nyavu hutengenezwa kwa ngozi ya binadamu aliyefariki, ya nguruwe au ya ng'ombe, iliyoondolewa chembe hai zote, ikabaki kolajeni tupu ambamo chembe na mishipa ya damu ya mgonjwa huingia na kukua. Nyingine hufumwa kwa nyuzi zinazoyeyuka mwilini. Nyuzi za poliglaktini hupoteza nguvu zake katika muda wa mwezi mmoja hivi. Nyuzi nyingine, ambazo malighafi yake huzalishwa na bakteria, huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kuisha. Ziko pia nyavu za plastiki, kama polipropilini, zisizoyeyuka kamwe.

Hoja ya watetezi

Haki yataka hoja ya wanaoutetea wavu ielezwe kwa nguvu zake zote. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani hubakiwa na ngozi nyembamba isiyo na kitu cha kushikilia. Ngozi ya aina hiyo iliyosafishwa ilianza kutumika kuwatibu watu walioungua, na katika miaka ya 2000 ikaingia katika kazi ya kuwarudishia umbo wanawake hao. Wapasuaji wengi waishuhudia faida yake. Yuko pia mwanamke ambaye kipandikizi chake kimekwisha kuteremka mara moja au mbili. Kumshonea tena tishu zilizokwisha kushindwa ni kama kuwamba kitanda kwa kamba zilezile zilizooza. Watetezi huongeza kwamba ni afadhali kuzuia kuliko kurudia upasuaji.

Hoja hiyo ina uzito kwa wagonjwa wa namna hiyo. Kosa huanza inapohamishwa, bila ushahidi mpya, hadi kwa msichana mwenye tishu imara anayetiwa kipandikizi kwa mara ya kwanza. Kitu kilichomfaa mgonjwa hakijathibitika kwa sababu hiyo tu kuwa kinamfaa mzima. Kwa mgonjwa faida yaweza kuzidi hatari. Kwa mzima faida huwa ndogo, lakini hatari ya maambukizo, ya majimaji kujikusanya, na ya gharama haipungui kwa kiasi hichohicho.

Mafunzo mawili

Historia ya karibuni yatoa mafunzo mawili. La kwanza ni la vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza. Ganda hilo lilibuniwa kwa nia njema: tishu zishikamane nalo, kipandikizi kisizunguke, na kovu lisikaze. Mwaka 1997 ilitangazwa katika jarida la kitabibu habari ya mgonjwa mmoja aliyepata limfoma, saratani ya chembe za kinga, pembeni mwa kipandikizi. Mwaka 2011 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likautambua ugonjwa huo. Mwezi Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku maganda ya aina hiyo yenye mikwaruzo mikubwa, na Julai kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni vipandikizi vyake vya Biocell duniani kote. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, lakini aghalabu hujitokeza miaka 8 hadi 10 baada ya upasuaji. Uchunguzi wa miaka miwili usingeuona hata ungefanywa kwa uangalifu wa namna gani.

Funzo la pili ni la wavu wenyewe. Wavu wa plastiki uliokwisha kuzoeleka katika kutibu ngiri ulipelekwa kuinua viungo vya nyonga vya wanawake vilivyoshuka, ukapachikwa kupitia ukeni. Uliruhusiwa kwa kuwa ulifanana na ule wa ngiri. Baada ya malalamiko mengi ya maumivu na majeraha, Marekani iliagiza mwezi Aprili 2019 uuzaji wake kwa kazi hiyo usimamishwe. Kufanana hakukuwa ushahidi.

Kuhusu titi, Idara hiyohiyo ilitangaza mwezi Machi 2021 kwamba hapakuwa na ngozi yoyote iliyosafishwa ambayo ilikuwa imeidhinishwa mahsusi kwa kazi ya kurudisha umbo la titi, na kwamba aina mbili zilionekana kuambatana zaidi na maambukizo na upasuaji wa kurudiwa. Hiyo ilikuwa habari ya wagonjwa wa saratani, ambao ndio waliochunguzwa zaidi. Wanawake wazima wanaotafuta ukubwa tu wamechunguzwa kwa uchache kuliko hao.

Yapasayo kufanywa

Kwa hiyo utaratibu ulio salama hauna budi kuanza na kiasi, kisha mahali, kisha mshono. Wavu uwe wa mwisho, na kwa sababu inayoweza kuelezwa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeuza na anayepachika, wala si wa anayelala juu ya meza. Ikiwa kipandikizi ni kizito mno hata tishu nzima haziwezi kukibeba, dawa ya kwanza ni kukipunguza.

Aidha, nchi zinazoanza huduma hii zina fursa ya kuanza na daftari. Uholanzi ilifungua daftari la taifa la vipandikizi vya titi mwaka 2015, ambamo huandikwa kilichotiwa, lini, na kilichofuata. Daftari kama hilo likiandika pia kila wavu, madhara ya mwaka wa kumi yataonekana mapema, wala hayatasubiri minong'ono.

Mwanamke naye anayo haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi: Wavu huu umetengenezwa kwa kitu gani? Utakaa mwilini muda gani? Umejaribiwa kwa wanawake wangapi walio kama mimi, na kwa miaka mingapi? Ukipata maambukizo, utaondolewaje, na kwa gharama ya nani? Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ya udaktari. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwalimu anayewafundisha vijana kuuliza maswali hayo darasani atakuwa amewapa kinga dhidi ya unyemi huo, iwe kinachouzwa ni wavu, dawa ya nguvu, au mafuta ya kubadili ngozi.